Miaka kumi ya kori 4, afu miezi tisa ikageuza kila kitu: kisa cha Intel na AMD mwaka 2017

Mwezi wa kwanza 2017 Intel, mmoja wa watengenezaji wawili wakubwa wa prosesa za kompyuta (mwingine ni AMD), waliingiza sokoni prosesa ya Core i7-7700K, kori 4 (kori ni kitengo kimoja cha kufanya kazi ndani ya prosesa), thredi 8 (mikondo ya kazi inayoshikwa kwa wakati mmoja), bei dola 339. Mwezi wa kumi mwaka huohuo wakatoa i7-8700K, kori 6, thredi 12, bei dola 359. Miezi tisa tu, na hapo katikati kuna watu kibao walishanunua ile ya kwanza wakijua wameshika kilele cha laini ya kawaida, ile ya kompyuta za mezani za watu wengi, na hakuna kitakachowapita kwa miaka miwili mitatu mbele. Hiki kisa wengi wanakijua kwa mstari mmoja, kwamba AMD walitoa prosesa zao za Ryzen, Intel wakashtuka, na huo mstari si uongo, ila unaruka swali ambalo mimi naona ndo lenyewe: zile kori 2 za ziada zilikuwa wapi muda wote?

Kabla ya yote tuelewane jinsi prosesa inavyoongezeka nguvu. Njia ziko tatu. Kuna spidi ya saa, ile ya GHz, yani mabilioni ya mizunguko kwa sekunde. Kuna kazi inayofanyika ndani ya kila mzunguko mmoja wa saa, yani chipu mbili zote zinakimbia 4 GHz ila moja inamaliza kazi nyingi zaidi kwa sababu muundo wake wa ndani ni bora. Afu kuna idadi ya kori. Spidi iligota ukutani mapema sana, Pentium 4 ilishafika 3.8 GHz mwaka 2004 na joto likasema basi, kwahiyo toka hapo GHz zimepanda kidogokidogo mno. Kuboresha kazi ya kila mzunguko maana yake wahandisi wakae miaka minne mitano wakichora muundo upya. Kori sasa ndo njia nyepesi kuliko zote kama nafasi kwenye silikoni (kile kipande ambacho chipu inachongwa) ipo, na hii ya nafasi naomba uikumbuke maana tutairudia.

Core 2 Quad Q6600 ilitoka Januari 2007 ikiwa na kori 4, ikaanza na bei ya dola 851 na kufika mwezi wa saba ikashushwa hadi 266, hapo ndo kori 4 zikawa kitu cha mtu wa kawaida. Miaka kumi kamili baadae, Januari 2017, chipu ya juu kabisa kwenye laini ya kawaida ya Intel bado ina kori 4. Ukipanga mstarini unaona vizuri: i7-2600K mwaka 2011, i7-3770K mwaka 2012, i7-4770K mwaka 2013, i7-4790K mwaka 2014, i7-6700K mwaka 2015, i7-7700K mwaka 2017, zote kori 4 thredi 8, zote bei inazungukia dola 310 hadi 350. Kila kizazi kiliongeza kama asilimia 5 hadi 10 hivi kwa kazi nyingi, na ile ya mwisho ukiiendesha kwa spidi sawa na 6700K hupati tofauti yoyote, muundo ni uleule, walichofanya ni kupandisha GHz. Ndo maana watu wenye 2600K walikuwa wanaipandisha spidi wenyewe mpaka 4.5 GHz wanaendelea na maisha yao, hawakuwa na sababu ya kutoa hela.

Sasa turudi kwenye ile nafasi. Ile chipu ya 2011 ya kori 4 ilikuwa na ukubwa wa milimita za mraba 216. Ya 2012, baada ya kuhamia utengenezaji wa nanomita 22 (namba ikishuka, vijenzi vya ndani vinakuwa vidogo), ikawa 160. Ya 2013 ikapanda kidogo, 177. Ya 2015, nanomita 14, ikashuka hadi kama 122. Umeona? Kila teknolojia ya kutengeneza ilipokuwa inapungua, transista (swichi ndogo mno za ndani ya chipu) zinabanana, chipu inakuwa ndogo, na chipu ndogo maana yake unakata nyingi zaidi kutoka kwenye sahani moja ya silikoni. Na kwenye hizo 122, sehemu kubwa tu imechukuliwa na grafiksi ya ndani, ambayo mtu anayenunua i7 ya kuchezea gemu hata haitumii, ana kadi yake pembeni. Kwahiyo nafasi ilikuwepo. Mteja wa 2015 alilipa bei karibu ileile ya 2011 akapewa silikoni inayokaribia nusu ya ile ya zamani kwa eneo. Najua kila eneo la nanomita 14 lilikuwa ghali kulitengeneza kuliko la nanomita 32 za ile ya 2011, mahesabu si ya kupima rula tu, ila bado huwezi kuniambia kori 2 hazikuwa na pa kukaa. 8700K ilipokuja ilikuwa na milimita za mraba kama 150. Kori 6 ndani, grafiksi ndani, na bado ni ndogo kuliko ya kori 4 ya mwaka 2011.

Lazima tuseme pia upande wa pili. Intel walikuwa wanauza kori 6 na zaidi, ila kwenye jukwaa lao la bei ya juu. Mwaka 2010 kulikuwa na i7-980X ya kori 6 kwa dola 999. Mwaka 2014 i7-5820K ilishuka mpaka karibu dola 390, bei nzuri kabisa, tatizo lake ni mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya X99 yenye bei yake na RAM za DDR4 ambazo mwaka ule zilikuwa mpya na ghali. Ukitaka kori 8 mwaka 2016 ni i7-6900K, dola 1,089. Kori 10, i7-6950X, dola 1,723. Wengine wanatetea kwamba programu za wakati ule hazikujua kutumia kori nyingi, hasa gemu, na hilo ni kweli kwa kiasi chake, ila ni mzunguko unaojilisha wenyewe, kwa sababu mtengenezaji wa gemu ataandikaje kwa ajili ya kori 8 wakati wateja wake karibu wote wana 2 au 4? PS4 na Xbox One zilishatoka mwaka 2013 zikiwa na kori 8 kila moja, dhaifu lakini 8, na zote zilikuwa za AMD. Watengenezaji walikuwa wanajifunza huko kwenye konsoli huku kompyuta ya mezani imesimama palepale.

Na kusimama huko kulikuwa na sababu, mpinzani alikuwa chini. AMD walishauza kori 6 mapema sana, Phenom II X6 1090T mwaka 2010 kwa chini ya dola 300, ila Oktoba 2011 wakaja na muundo mpya wa Bulldozer na ile chipu ikawaumiza vibaya. FX-8150 ilitangazwa kuwa ya kori 8 lakini zilipangwa kwa jozi, kila jozi inagawana kitengo cha hesabu za desimali na vitu vingine, na kazi ya kila mzunguko ilikuwa ndogo mpaka kwenye baadhi ya kazi ilipitwa na Phenom zao wenyewe za kabla yake. Ilikula umeme, ikatoa joto, ikapoteza gemu karibu zote. Kiwanda chao cha chipu walishaachana nacho mwaka 2009, kikawa GlobalFoundries kwa fedha za Abu Dhabi. Hisa zao mwaka 2015 zilishuka mpaka chini ya dola 2. Cheki mwaka 2016 mapato ya Intel yalikuwa dola bilioni 59.4 na ya AMD bilioni 4.27. Bajeti ya utafiti peke yake ya Intel, bilioni 12.7, ilikuwa karibu mara tatu ya mapato yote ya AMD. Ukiwa bosi wa Intel na mpinzani wako yuko hivyo, nani atakukaba koo uongeze kori?

Ila kuanzia 2012 AMD walikuwa wanachora kitu. Mhandisi wa chipu Jim Keller alirudi mwaka huo kuongoza timu, Mike Clark akawa msanifu mkuu wa muundo wenyewe, Zen, na Lisa Su akashika ukurugenzi Oktoba 2014. Lengo walilotangaza ni kuongeza kazi ya kila mzunguko kwa asilimia 40 juu ya muundo wao wa mwisho wa familia ya Bulldozer. Walipotoa wakasema wamefika 52. Wangefika hiyo 40 tu ingekuwa kazi kubwa, maana kwa miaka ile watu walishazoea kusherehekea asilimia 7.

Tarehe 2 Machi 2017 Ryzen 7 ikaingia. Kori 8 thredi 16 kwa bei tatu, 1800X dola 499, 1700X dola 399, 1700 dola 329. Iweke 1700 pembeni ya 7700K yenye dola 339 afu uangalie hizo kori, 8 kwa 4. Mwezi wa nne ikafata Ryzen 5 1600, kori 6 thredi 12, dola 219, na hii kwangu ndo chipu ya mwaka ule, maana ilifika kwa mtu asiye na hela ya i7 akapata kitu ambacho hata i7 haikuwa nacho.

Waliwezaje kwa bajeti ile? Kipande kimoja cha silikoni, kinaitwa Zeppelin, kama milimita za mraba 213, kori 8 na hakina grafiksi ndani hata kidogo. Kipande hichohicho ndo kilikuwa Ryzen 7, wakizima kori mbili kinakuwa Ryzen 5 1600, wakizima nne kinashuka chini zaidi, wakiunganisha viwili vinakuwa Threadripper ya kori 16, vinne vinakuwa EPYC ya seva yenye kori 32. Mchoro mmoja unauzwa toka dola 100 na kitu hadi maelfu. Hakuna kipande kinachotupwa kirahisi kwa sababu chenye kasoro kwenye kori moja kina pa kwenda. Kampuni yenye mifuko mirefu haihitaji kufikiri hivi, ila AMD hawakuwa na hela ya kuchora chipu tano tofauti ndo wakafikiri.

Na Ryzen ile ya kwanza haikuwa safi, tusiipambe. Kwenye gemu za 1080p zenye kadi kali, 7700K iliipiga, na wakati mwingine iliipiga vizuri tu, kwa sababu 7700K inafika 4.5 GHz na Ryzen ukiikamua sana inagota karibu na 4.0 au 4.1. Zile kori 8 zilikuwa makundi mawili ya nne nne na data ikitaka kuvuka kutoka kundi moja kwenda lingine inapita njia ambayo spidi yake imefungwa na spidi ya RAM, kwahiyo ukiweka RAM za pole gemu inaburuta, na RAM za haraka nazo miezi ya mwanzo zilikuwa zinagoma, mtu ana DDR4 ya 3200 mazabodi inamkubalia 2133 tu mpaka zije apdeti za BIOS (programu ya kuwashia bodi). Aliyenunua wiki ya kwanza aliteseka. Ila kwenye kazi za kurenda video, kukompaili kodi, kubana mafaili, ilikuwa inakaa meza moja na 6900K ya zaidi ya dola elfu moja, kwa bei ya nusu na chini ya nusu.

Hapo sasa angalia mwendo wa Intel. Tarehe 30 Mei wakatangaza jukwaa jipya la bei ya juu, X299, na i9-7900X ya kori 10 kwa dola 999, wakati mwaka mmoja nyuma kori 10 zilikuwa dola 1,723. Humohumo kwenye X299 wakaweka i7-7740X, kori 4, kwenye mazabodi ya gharama kubwa ambayo chipu yenyewe inashindwa kutumia nusu ya nafasi za RAM zilizopo. Nikiangalia ile laini naona kampuni inayotoa vitu haraka kuliko inavyovipanga. Agosti AMD wakaleta Threadripper 1950X kori 16 kwa dola 999, Septemba Intel wakaingiza sokoni kori 18 kwa dola 1,999.

Afu tarehe 5 Oktoba ikaja familia ya kizazi cha 8 cha Intel kwa kompyuta za mezani. Wengi wanaongelea 8700K lakini mimi naomba uangalie ya chini kabisa. i3-7100 ilikuwa kori 2, dola 117. i3-8100, kori 4, dola 117. Bei haijaguswa hata dola moja, kori mara mbili, ndani ya mwaka mmoja. Kilichokuwa i5 mwezi wa kwanza kimekuwa i3 mwezi wa kumi. i5-8400 ya dola 182 ina kori 6. Na muundo wa kori zenyewe ni uleule wa 2015, na kiwanda ni nanomita 14 ileile iliyonolewa tu. Hakuna fizikia mpya iliyogunduliwa kati ya Januari na Oktoba.

Je, Ryzen ndo iliizaa 8700K? Hapana, na hapa ndo natofautiana na ule mstari mmoja. Chipu haichorwi kwa miezi saba, kuichora, kuijaribu, kutengeneza vioo vya kuichapia mchoro na kuizalisha kunakula miaka, kwahiyo kori 6 za Intel zilishakuwa kwenye meza ya wachoraji kabla Ryzen 1700 haijaonekana dukani. Sababu mojawapo ni kwamba nanomita 10 zao zilikuwa zimekwama, walipanga ziwe tayari mwaka 2016 na hazikuwa, kwahiyo walihitaji kitu cha kuuza kwenye nanomita 14. Kile ambacho AMD walikibadilisha ni lini itoke na kwa bei gani, na alama za haraka zimejaa kila mahali. Mazabodi iliyokuwepo siku ya kwanza ni Z370 tu, ya bei ya juu, na chipuseti yake (chipu ya bodi inayosimamia mawasiliano) kimsingi ni ile ya kizazi kilichopita imepewa jina jipya. Mazabodi za bei nafuu, H310 na B360, zikaja Aprili 2018, yani mtu anayetaka i3-8100 ya dola 117 ilibidi ainunulie bodi ambayo bei yake inaikaribia au inaizidi, au asubiri nusu mwaka. 8700K yenyewe wiki za mwanzo ilikuwa haipatikani. Na soketi (kitako cha kuchomekea prosesa) ilikuwa ileile ya pini 1151 lakini ukiiweka kwenye bodi ya Z270 ya kizazi kilichopita haiwaki, Intel wakaeleza kwamba pini za umeme zimepangwa upya kwa ajili ya kori 6, na mafundi wakaja kuziwasha kwenye Z170 na Z270 kwa BIOS walizozirekebisha wenyewe. Mtu aliyenunua Z270 mwezi wa kwanza alibaki na bodi isiyo na pa kwenda, na mwenzake wa AM4, soketi ya AMD, alianza na Ryzen 1700 akaja kuweka 5800X3D ya mwaka 2022 kwenye soketi ileile, mara nyingi kwenye bodi ileile.

Ushahidi wa bei unakuja wazi zaidi baadae. Mwaka 2018 i9-9980XE ya kori 18 ilikuwa dola 1,979. Oktoba 2019, baada ya AMD kuhamia nanomita 7 za TSMC, kampuni ya Taiwan inayotengenezea wengine chipu, na kuleta kori 12 kwenye laini ya kawaida kwa dola 499, Intel wakatangaza i9-10980XE, kori 18 zilezile, familia ileile ya nanomita 14, dola 979. Dola elfu moja nzima imeyeyuka. Kama kitu kinaweza kushuka bei kwa nusu mara moja bila kubadilika sana, basi ile nusu nyingine tulikuwa tunalipia ukosefu wa mpinzani.

Na ili isionekane nina timu, AMD walipokaa wao mbele walifanya yaleyale. Novemba 2020 Ryzen 5000 ilikuja na ongezeko la asilimia 19 kwa kila mzunguko, kazi nzuri kweli, ila kori 6 za bei ya chini kabisa ilikuwa 5600X kwa dola 299, wakati kizazi cha nyuma 3600X ilianza na 249 na 3600 ya kawaida 199. Ile 5600 ya kawaida hatukuiona mpaka Aprili 2022 kwa dola 199, na hapo katikati Intel walikuwa wameshatoa kizazi cha 12, Novemba 2021, kikali na cha bei nzuri. Mpinzani akiamka, bei inashuka, iwe ni upande gani unalala.

Huku kwetu hiki kisa kinaonekana kwenye maduka ya kompyuta zilizotumika, Kariakoo au Luthuli kule Nairobi, zile za maofisini kutoka Ulaya na Ghuba. Windows 10 ilimaliza muda wake wa kawaida wa kupata apdeti tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 rasmi inaanzia kizazi cha 8 cha Intel, na kwa AMD kuanzia Ryzen 2000 zenye muundo wa Zen+. Maana yake 7700K na Ryzen 1700, mafahali wawili wa mwanzo wa 2017, wote wako nje ya orodha, na i3-8100 ya dola 117 iko ndani. Kwahiyo ukisimama mbele ya HP EliteDesk 800 mbili, G3 na G4, kwa nje zinafanana sana, zote zina stika ya Core i5, ila G3 utakuta i5-7500 yenye kori 4 na G4 i5-8500 yenye kori 6. Kwa Dell ni OptiPlex 7050 dhidi ya 7060. Tofauti ya bei mara nyingi si kubwa, ongeza hiyo hela chukua ya kizazi cha 8. Usiishie kwenye stika, iwashe, fungua taarifa za mfumo usome jina lote la prosesa hadi herufi ya mwisho, hasa kwenye zile ndogo za kukaa nyuma ya skrini, kwa sababu i5-8500T nayo ina kori 6 ila spidi yake ya msingi ni 2.1 GHz wakati i5-8500 ya kawaida ni 3.0, na muuzaji atakutajia bei moja kwa zote mbili.